Mechi 80, kisha kansa: urafiki wa Chris Evert na Martina Navratilova umedumuje?

#1 Raketi Kuukuu

Wakuu, habari za jioni.

Kuna akina mama wawili nataka tuwajadili humu kwa utulivu: Chris Evert wa Marekani, na Martina Navratilova aliyezaliwa Czechoslovakia. Kwa vijana walioanza kuangalia tenisi enzi za Serena, hawa walikutana uwanjani mara 80 kati ya 1973 na 1988, na mara 60 kati ya hizo zilikuwa fainali. Martina alishinda 43, Chris 37. Kila mmoja alistaafu akiwa na mataji 18 ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, ya mchezaji mmoja mmoja. Hata ukitaka kuwapambanisha kwa mataji, wametoka sare.

Walianza Akron, Ohio, Machi 1973. Chris ana miaka 18 na jina lake linajulikana tayari, Martina ana 16 na Kiingereza kinampiga chenga. Chris akashinda 7-6, 6-3.

Sasa ruka karibu miaka 50. Januari 2022 Chris anatangaza ana kansa ya ovari. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2023, Martina anatangaza ana kansa mbili kwa mpigo, ya koo na ya titi. Na katika yote hayo wameshikana kama ndugu wa tumbo moja.

Mimi nasema ushindani ndio ulioulea urafiki ule. Siku ya fainali wenzao wote wameshafungasha mabegi, chumba cha kubadilishia nguo kimebaki na watu wawili tu. Mmoja atarudi humo analia, na atakayemkuta analia ni yule yule aliyemliza. Mkipitia hilo fainali 60, huyo mtu anakujua kuliko mumeo.

Nyie mnasemaje?

#2 Kocha Sinza

Mkuu, uzi mzuri, ila umeruka miaka ya katikati, na humo ndimo mambo yalimo.

Mwanzoni walikuwa marafiki kweli, mpaka wakacheza pamoja wawili wawili. Walichukua taji la French Open 1975 na Wimbledon 1976 wakiwa upande mmoja wa wavu. Aliyevunja ushirikiano ule ni Chris. Martina alikuwa anakuja juu, na Chris mwenyewe ameshaeleza kuwa aliona anampa mwenzake nafasi ya kuusoma mchezo wake kwa karibu mno. Ukicheza na mtu upande mmoja unajua anapenda kupiga wapi akibanwa, mguu gani unachelewa, anapumua vipi akichoka.

Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 Martina akamchukua Nancy Lieberman, mchezaji wa mpira wa kikapu, amsimamie mazoezi. Lieberman akamwambia wazi: ukitaka kuwa namba moja lazima umchukie Chris. Na Martina akajaribu kweli. Matokeo yake alimpiga Chris mara 13 mfululizo, na ule ukaribu ukapoa.

Kwa hiyo ushindani uliwatenganisha kwanza. Kilichowarudisha pamoja ni kitu kingine, na hicho ndicho cha kutafuta.

#3 Mwana wa Likoni

Nyinyi watu wa bara mnapenda kuzunguka. Jibu ni fupi: wote wawili walishinda. Mtu aliyepata 18 hana sababu ya kumwonea kijicho mwenye 18. Hebu mmoja angebaki na 18 na mwingine 3, tuone kama wangepigiana simu hadi leo.

Halafu mleta uzi, kama ushindani unalea urafiki, tueleze habari ya wale mabondia, Muhammad Ali na Joe Frazier.

#4 Raketi Kuukuu

@Mwana wa Likoni umenigusa penyewe, maana hao wawili nimewafikiria sana kabla ya kuandika.

Ali alipofungiwa leseni, Frazier alimsaidia, hata pesa alimpa. Walipofika ulingoni 1971 Ali akamgeuka kwa maneno: akamwita mtumwa wa wazungu, na kufikia Manila 1975 anamwita sokwe mbele ya waandishi, watoto wa Frazier wakisikia. Ali akaja kuugua Parkinson, Frazier bado ana kinyongo, akasema maneno makali juu ya ugonjwa ule. Ali aliomba radhi hadharani 2001. Frazier alifariki kwa kansa ya ini Novemba 2011, na Ali, hali yake ile, alikwenda kumzika Philadelphia.

Ninavyoona, ngumi hazikuharibu chochote pale. Kilichoharibu ni ulimi. Chris na Martina walipigana miaka 15 na hakuna aliyemvua mwenzake utu mbele ya watu.

#5 Binti Pangani

Naomba nichangie yangu.

Nimecheza netiboli Tanga miaka ya nyuma, nafasi ya ulinzi wa goli. Kulikuwa na mfungaji wa timu pinzani, dada mrefu, tulikuwa tukikutana ni viwiko tu. Mwamuzi akigeuka ananivuta jezi, na mimi namkanyaga. Tulikuwa hatusalimiani hata sokoni.

Nilipojifungua kwa upasuaji nikapata maambukizi kwenye kidonda, nililala ndani muda mrefu. Wachezaji wenzangu wa timu walikuja mara moja, wakaleta sabuni na khanga, basi. Yule mpinzani wangu alikuja na uji, akarudi tena na uji. Siku moja nikamuuliza kwa nini. Akaniambia tangu nimelala, mazoezini hapati mtu wa kumkaba sawasawa, anaona kiwango kinashuka. Aliongea hivyo akiwa ananishikia kikombe. Leo ni somo wa mwanangu wa kike.

Kwa hiyo mimi niko na mleta uzi. Mwenzio wa timu anaweza kukuzoea asikuone. Anayekukaba hawezi kuacha kukuona.

#6 Kocha Sinza

Binti Pangani, hii imeniingia. Mfungaji kumkosa mlinzi wake, hilo ni la kweli kabisa kiufundi. Chris amewahi kukiri kuwa ni Martina aliyemlazimisha kwenda gym na kunyanyua vyuma, na Martina naye ndiye aliyeanza kukimbizana na ule utulivu wa Chris. Angalia fainali ya French Open 1985: 6-3, 6-7, 7-5 kwa Chris, mwaka mmoja tu baada ya kupigwa pale pale 6-3, 6-1. Mwanamke wa miaka 30 aliyetabiriwa kuwa amekwisha.

#7 Mgumu wa Machame

Salaam wakuu. Huyu Martina ana historia na huku kwetu, sijui kama mnajua.

Desemba 2010 alikuja kupanda Kilimanjaro, kuchangisha fedha za mfuko wa Laureus unaosaidia vijana kupitia michezo. Mwaka ule ule mwanzoni alikuwa ametangaza kansa ya titi, akafanyiwa upasuaji, akapigwa mionzi, halafu miezi michache baadaye yuko mlimani. Hakufika kileleni. Akiwa juu ya mita 4,000 mapafu yakajaa maji, ikabidi ateremshwe, akapelekwa hospitali Nairobi. Akapona.

Mimi sikuwa kwenye msafara ule, lakini kazi hii naifahamu tangu nikibeba mizigo mpaka leo naongoza wageni. Mtu wa aina hiyo ni mgumu kumshusha. Mwanamichezo mkubwa hasemi anaumwa. Mzee wa kawaida kutoka Ulaya akiumwa kichwa saa moja anakwambia. Hawa wenye medali wanakaza meno hadi midomo inageuka bluu.

#8 Dada Kigamboni

@Mgumu wa Machame asante, hili sikulijua. Samahani kwa kutoka nje ya mada, hayo maji kwenye mapafu yanasababishwa na kansa au mlima?

#9 Mgumu wa Machame

Ni mlima, dada. Huko juu hewa nyepesi, oksijeni kidogo, mishipa ya kwenye mapafu inabanwa, presha inapanda, maji yanavuja kuingia ndani. Inaweza kumpata kijana wa miaka 20 aliyepanda haraka. Ndiyo maana tunaimba pole pole kila hatua. Jioni tunaweka oksimita, kifaa cha kupima oksijeni, kidoleni mwa kila mgeni na tunamsikiliza akipumua. Ukiweka sikio mgongoni kwa mwenye tatizo hilo unasikia kitu kama maji yanachemka kwenye sufuria. Dawa yake kubwa ni kushuka, hata kama ni saa nane usiku. Kuna machela ya gurudumu moja, wagumu (wapagazi) sita wanaishika, wanateremka nayo mbio kwenye mawe.

Kwa hiyo Martina alibebwa na Wachagga na wenzao. Mmarekani alimliza, sisi tukambeba 😀

#10 Nesi wa Zamu

Niweke sawa mambo ya kitabibu, maana naona mnataja kansa kama ni moja.

Martina 2010: ilikuwa titi, hatua ya mwanzo kabisa, seli zikiwa bado ndani ya mirija ya maziwa. 2022 mwishoni aliona tezi ya shingo imevimba wakati wa mashindano ya kufunga msimu kule Fort Worth, Texas. Vipimo vikaonyesha kansa ya koo inayohusiana na virusi vya HPV. Wakati wanachunguza koo, wakakuta na titi jingine lina uvimbe ambao hauhusiani na ule wa koo. Zote hatua ya kwanza. Alitibiwa New York kwa dawa na mionzi, na Machi 2023 akasema madaktari hawaoni tena kansa. Mionzi ya koo si mchezo: ladha inapotea, kumeza mate ni kazi.

Chris: huyu kansa ilimkuta kwa njia ambayo kila mwanamke humu aisome. Mdogo wake, Jeanne, naye alikuwa mchezaji wa tenisi wa kulipwa. Alifariki Februari 2020 kwa kansa ya ovari. Jeni zake zilishapimwa, na kulikuwa na badiliko kwenye jeni ya BRCA1 ambalo wataalamu wakati ule hawakuwa na uhakika nalo. Baada ya kifo chake utafiti ukasonga, maabara ikarekebisha: lile badiliko ni la hatari. Familia ikapigiwa simu. Chris akapima, analo. Desemba 2021 akaenda kutolewa kizazi kwa kujikinga tu, haumwi popote, na walipochunguza kilichotolewa wakakuta kansa imeshaanza, hatua ya 1C. Ovari huwa inagundulika ikiwa imeshasambaa tumboni, kwa hiyo kuikuta hapo ni jambo kubwa. Akapigwa kemo (dawa kali za kansa) mizunguko sita. Desemba 2023 ikarudi, akaingia tena kwenye matibabu.

Ukiangalia vizuri, aliyemwokoa Chris ni mdogo wake. Ndiyo maana mimi sioni hii habari kama ya watu wawili.

#11 Dada Kigamboni

Nesi, Mungu akubariki.

Mama yangu aliugua hiyo hiyo. Tumbo likajaa, zahanati moja ikamtibu vidonda vya tumbo, wakambadilishia dawa, wakasema gesi, wakabadilisha tena. Tulipofika Ocean Road, hospitali ya kansa, tayari ilikuwa imetambaa. Sisemi kwa kulaumu, nasema dada zangu, tumbo kujaa kusikokwisha msikubali kuambiwa ni gesi tu.

Ila nilitaka kusema hivi juu ya mada. Pale wodini mama alipata shoga wa kitanda cha pili, mama wa Kisukuma, hawakuwahi kujuana maishani. Walikuwa wanagawana chungwa, maana kichefuchefu cha kemo kinakubali chungwa kuliko chai. Walikuwa wanacheka mambo ambayo sisi watoto tulikuwa hatuelewi yanachekesha nini. Mama alipofariki, yule mama alikaa kitandani kwake na khanga ya mama hadi jioni.

Hawakushindana popote. Kwa hiyo sikubaliani na #1. Ugonjwa wenyewe unaunganisha. Chris na Martina wangekuwa wauza samaki wa Feri wangeshikana vile vile.

#12 Raketi Kuukuu

Pole sana dada, Mungu amlaze mama mahali pema.

Hoja yako nzito. Najibu hivi: shoga wa mama alikutana na mama akiwa mgonjwa tayari. Martina alimjua Chris akiwa na nguvu zake zote. Kuna tofauti ya kumwona amepungua mtu ambaye ulikuwa huwezi kumpiga.

#13 Mzee Karatu

Vijana, mnakwenda Ohio na Texas wakati mfano mko nao nyumbani. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, na John Walker wa New Zealand.

Christchurch, 2 Februari 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 1500. Bayi alitoka mbele tangu bunduki ilipolia, akakimbia peke yake, wote wakingoja akatike. Hakukatika. 3:32.16, rekodi ya dunia. Walker nyuma yake 3:32.52, naye kaivunja rekodi ya zamani na bado ni wa pili! Mei 1975 Bayi akachukua na rekodi ya maili kule Kingston, 3:51.0. Agosti Walker akaivunja Göteborg, 3:49.4, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 3:50. Dunia nzima ikawa inasubiri Montreal 1976.

Tanzania na nchi nyingi za Afrika zikasusia, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker akashinda dhahabu kwa 3:39.17, muda ambao Bayi angeukimbia akiwa anazungumza na redio. Miaka 20 baadaye Walker akatangaza ana Parkinson. Nikimfikiria mtu mwenye miguu ile leo anatetemeka mikono, naumia utadhani ni wa kwetu.

#14 Eldoret Asubuhi

Mzee Karatu heshima yako, lakini wacha niongeze: wa tatu siku hiyo alikuwa Ben Jipcho wa Kenya, 3:33.16. Msitufiche.

Na kama ni urafiki wa wapinzani, huku tuna Paul Tergat na Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Atlanta 1996 mita 10,000, Haile wa kwanza, Tergat wa pili. Sydney 2000, hivyo hivyo, na tofauti ilikuwa sekunde 0.09 baada ya mizunguko 25. Mimi nilikuwa mtoto, baba alizima redio akatoka nje akaenda kuangalia ng'ombe. Tergat akaenda Berlin 2003 akaweka rekodi ya marathoni 2:04:55, na aliyeivunja, Berlin hiyo hiyo 2007, ni Haile, 2:04:26. Mtu anakufuata hadi kwenye kitu chako cha mwisho! Na bado ukiwaona pamoja ni vicheko na kukumbatiana.

#15 Kocha Sinza

Mzee wangu, kuna kipande umekiacha. Bayi mwaka ule wa 1976 alikuwa ameugua malaria kabla ya michezo. Hata tungekwenda Montreal, haijulikani angekimbia akiwa na hali gani. Tumezoea kusema siasa ilimnyima dhahabu, mbu naye alikuwa na mkono wake.

Swali langu: Bayi na Walker walikuwa marafiki, au waliheshimiana tu? Hao walikutana mara chache mno kwenye mbio kubwa. Kuheshimiana kwa mbali ni jambo moja, kugawana chumba cha kubadilishia nguo mara 80 ni jingine.

#16 Mzee Karatu

Kocha, malaria naikumbuka, na sisi wote tulikuwa tunaugua malaria na tunakwenda shamba. Angekimbia.

Kuhusu urafiki, watu wawili waliosababisha dunia igeuze shingo kuangalia mita 1500 wanafungamana hata wasipoandikiana barua. Hilo sikupi ushahidi, nakupa umri wangu.

#17 Mwana wa Likoni

Mzee kamfunga kocha goli la kisigino. Kocha ni Yanga, ataomba VAR.

Turudi kwa Martina. Kuna jambo hamjaligusa: yule alikuwa hana kwao. Septemba 1975, ana miaka 18, anapoteza nusu fainali ya US Open. Nani kamfunga? Chris. Jioni ile ile anakwenda ofisi ya uhamiaji New York kuomba hifadhi. Hawezi kurudi Czechoslovakia, mama yake hakumwona hadi 1979. Mtu wa namna hiyo huchagui rafiki kwa raha zako, unashika yule aliyepo. Na aliyekuwepo kila wiki, kila mji, kila hoteli, ni Chris.

Mimi nimefanya kazi Muscat miaka mingi, nawaambia nikijuacho. Ugenini hata mtu aliyekudhulumu mpira utotoni mkikutana unamkumbatia.

#18 Kocha Sinza

Achana na Yanga yangu 😂

Lakini hapo umeongea. Na ndipo pa kuiweka Prague 1986. Martina anarudi kwao mara ya kwanza tangu atoroke, safari hii anachezea Marekani kwenye Kombe la Shirikisho la tenisi, mashindano ya timu za nchi. Serikali ya kule haimtaki, wananchi wamejaa uwanjani wanamshangilia yeye kuliko wenyeji. Na Chris yuko timu moja naye. Wakaifunga Czechoslovakia 3-0 fainali. Chris alikuwa ameona kwa macho yake mwenzake alipoteza nini ili awe anasimama mbele ya wavu. Mimi naweka pointi yangu hapo: urafiki uliopoa ulipata moto Prague. Mwisho wa mwaka ule Martina akamkaribisha Aspen, ndoa ya Chris na John Lloyd ikiwa imevunjika, na huko ndiko Chris alikokutana na Andy Mill, mwanamichezo wa kuteleza kwenye theluji, wakaoana 1988.

#19 Binti Pangani

Yaani mpinzani wako ndiye anakupeleka ukapate mume! Wa kwangu ananitania hadi leo kuwa alininyima mabao akanipa uji.

#20 Nesi wa Zamu

Mwana wa Likoni, ugenini unaeleza upande wa Martina tu. Chris alikuwa kwao, ana baba kocha, ana ndugu, ana pesa. Yeye alikuwa anatafuta nini?

Nadhani jibu liko kwenye jambo ambalo wagonjwa wananiambia. Mtu akiumwa, ndugu wanamwonea huruma, na huruma inachosha. Wanataka mtu mmoja asiyebadilisha sauti akiongea nao. Nina mgonjwa aliyewahi kukimbia riadha jeshini, anayemtembelea ni mzee mmoja waliyekuwa wanakimbia naye, anaingia tu anamwambia amka twende, unalala kama mwanajeshi wa maonyesho. Wauguzi wapya walitaka kumfukuza. Presha ya mgonjwa siku hiyo inakuwa nzuri.

#21 Mwana wa Likoni

Sasa Nesi unasema huruma inachosha, Dada Kigamboni anasema ugonjwa ndio unaunganisha, Kocha anasema Prague, mzee anasema umri wake. Na mimi nimeshasema 18 kwa 18, hakuna aliyenijibu.

#22 Eldoret Asubuhi

Nakujibu mimi. Haile dhahabu mbili za Olimpiki, Tergat fedha mbili, wote nyuma ya mtu mmoja. Hapo hakuna 18 kwa 18, na urafiki upo.

#23 Mwana wa Likoni

Tergat ana mbio za nyika za dunia tano mfululizo, 1995 hadi 1999. Haile huko hakuwahi kushinda. Kila mmoja alikuwa na shamba lake. Unaniongezea hoja, ndugu yangu.

#24 Dada Kigamboni

@Nesi wa Zamu, nje ya mabishano haya: mimi na wadogo zangu wawili wa kike, kwa historia ya mama, tuanzie wapi? Kipimo hicho cha jeni tunaweza kukipata hapa Dar?

#25 Nesi wa Zamu

Dada, anza kliniki ya magonjwa ya wanawake kwenye hospitali ya rufaa, uwaambie mapema kabisa kuwa mama alikuwa na kansa ya ovari, na utaje shangazi na mama wadogo kama wapo waliougua titi au ovari. Waandike kwenye faili. Wao ndio watakaokuelekeza kipimo kinafanyika wapi na kwa gharama gani kwa sasa. Nendeni wote watatu siku moja. Nakutumia ujumbe pembeni.

#26 Mgumu wa Machame

Nendeni, dada. Na aliyeuliza kwenye ujumbe binafsi kama mtu aliyemaliza kemo anaweza kupanda: kwanza daktari wake aseme ndiyo, halafu asichukue safari ya siku tano, achukue nane. Na awe na mwenzake anayemjua vizuri, wa kusema huyu leo hayuko sawa.